Kabla ya kusema "amejaliwa", tuulize nani alimfundisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nitoe dukuduku langu kuhusu namna tunavyozungumzia waimbaji. Akitajwa binti mwenye sauti ya juu na yenye nguvu, iwe ni kwenye kwaya ya kanisa, tamasha la shule au mashindano ya nyimbo, jambo la kwanza kusemwa ni kwamba "amejaliwa". Ni nadra mtu kuuliza amefundishwa na nani, kwa miaka mingapi, kwa mazoezi gani. Kwa kuwa amejaliwa, basi huimbishwa kila Jumapili, kila harusi na kila mkesha, mpaka sauti inakauka akiwa bado kijana. Kisha husemwa kwamba kipaji kimekwisha.

Nataka nimtaje mwanamke mmoja ambaye kazi yake inajulikana mwaka kwa mwaka, ili wasomaji wapige hesabu wenyewe. Ni Camilla Williams, soprano (mwimbaji wa sauti ya juu ya kike) Mmarekani mweusi aliyezaliwa Danville, jimbo la Virginia, tarehe 18 Oktoba 1919, na kufariki Bloomington, Indiana, tarehe 29 Januari 2012. Alianza masomo ya sauti akiwa na miaka 12, chini ya mwalimu kutoka Wales aitwaye Raymond Aubrey. Alimaliza Virginia State College mwaka 1941, akarudi Danville kufundisha darasa la tatu na muziki, kisha akaenda Philadelphia kwa Marion Szekely-Freschl, mwalimu wa sauti kutoka Hungaria. Mwaka 1943 na tena 1944 alipata tuzo ya kuwasaidia waimbaji chipukizi iliyopewa jina la Marian Anderson, mwimbaji mashuhuri mweusi wa Marekani. Tarehe 15 Mei 1946 alisimama jukwaani New York City Opera kama Cio-Cio-San, yaani Butterfly mwenyewe, katika Madama Butterfly, opera (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) ya mtunzi Mwitaliano Giacomo Puccini. Ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kupewa mkataba wa kudumu na kampuni kubwa ya opera Marekani. Alikuwa na miaka 26. Kutoka somo la kwanza hadi usiku ule ilikuwa imepita miaka 14.

Miaka 14! Hiyo ndiyo hesabu ambayo neno "amejaliwa" huifuta.

Mwaka huohuo aliimba nafasi ya Nedda katika opera ya Pagliacci, mwaka 1947 akaimba Mimi katika La Bohème, na mwaka 1948 Aida. Mwaka 1954 aliimba Butterfly katika Opera ya Taifa ya Vienna. Wakati huo Metropolitan Opera ya New York ilikuwa bado haijamruhusu mwimbaji mweusi yeyote kuimba nafasi ya mhusika katika jukwaa lake. Mlango huo ulifunguliwa tarehe 7 Januari 1955 kwa Marian Anderson, aliyekuwa ameshafikisha miaka 57. Kwa anayejua umri wa sauti, tarehe hiyo inauma. Sauti ya mwanamke aliyefundishwa vizuri huwa imekomaa kati ya miaka 30 na 45 hivi, na kila mwaka wa kuzuiwa mlangoni ni mwaka ambao hakuna wa kuurudisha.

Jambo lingine linalomhusu Camilla Williams ni la tarehe 28 Agosti 1963, kwenye maandamano makubwa ya haki za raia mjini Washington. Marian Anderson ndiye aliyepangwa kuimba wimbo wa taifa, lakini alichelewa njiani, na Camilla Williams akaitwa kushika nafasi yake. Wimbo wa taifa wa Marekani ni mgumu kwa sababu iliyo wazi: kutoka nota ya chini kabisa hadi ya juu kabisa kuna okteva moja, yaani kutoka do hadi do inayofuata, na kwinti juu yake, yaani kutoka do hadi sol. Ukianza juu kidogo tu, kileleni sauti inapasuka, na ukianza chini, nota za mwanzo hazisikiki. Anayeitwa ghafla, mchana, mahali pa wazi, mbele ya umati, hana muda wa kusubiri sauti "ije". Alichokuwa nacho ni ufundi uliokwisha kuingia mwilini.

Halafu kuna nusu ya pili ya kazi yake, ambayo huandikwa kwa mstari mmoja tu. Kuanzia mwaka 1970 alifundisha Brooklyn College na vyuo vingine vya New York. Mwaka 1977 akawa profesa wa kwanza mweusi wa sauti katika Chuo Kikuu cha Indiana, Bloomington, moja ya shule kubwa za muziki Marekani, na alifundisha huko hadi 1997. Mwaka 1983 alikwenda Beijing kufundisha kama profesa mgeni. Ukihesabu, miaka aliyokaa darasani ni mingi kuliko miaka minane ya New York City Opera iliyomfanya ajulikane. Mimi nasema kazi hii ya pili ndiyo yenye faida kubwa kwetu, kwa sababu opera ni mbali na wengi wetu, lakini koo la msichana wa Bloomington na la msichana wa Morogoro yameumbwa sawasawa.

Wengi hudhani mwalimu wa sauti ni yule anayewafundisha watu nota za wimbo. Huyo ni mwalimu wa kwaya, na kazi yake ni nyingine. Mwalimu wa sauti hufundisha mwili. Nyuzi za sauti ziko ndani ya koromeo, juu ya bomba la hewa. Za mwanamke hazifiki sentimita mbili kwa urefu. Akiimba la ya katikati, ile inayotumika kurekebishia vyombo, nyuzi hizo hutetema mara 440 kwa sekunde, yaani mara 26,400 kwa dakika moja. Nota ya juu inayofunga wimbo maarufu wa Butterfly katika sehemu ya pili, ile si iliyoshushwa nusu toni (hatua ndogo kabisa ya kinanda), ni mitetemo 932 kwa sekunde. Nyama ndogo namna hiyo, ikigongana mara nyingi namna hiyo, haiwezi kusukumwa kwa nguvu kila siku isidhurike. Kwa hiyo kazi yote ya mwalimu ni kuhakikisha nguvu inatoka kwenye pumzi na kwenye nafasi ya kinywa na koo, isitoke kwa kuzibana nyuzi.

Tuanze na pumzi. Kosa linaloonekana zaidi kwenye kwaya zetu ni mwimbaji kuvuta hewa kwa kuinua mabega. Mabega yakipanda, shingo inakaza, na koromeo nalo linavutwa juu. Pumzi ya kuimbia hupanua mbavu za chini, pembeni na nyuma, na tumbo la juu linasogea mbele kidogo. Zoezi lake halina gharama. Simama, weka viganja pembeni mwa mbavu, vuta hewa taratibu kwa hesabu nne, kisha itoe kwa sauti ya "sss" nyembamba isiyotetereka, huku ukizizuia mbavu zisianguke haraka. Anayeanza huweza kufika sekunde 15 au 20. Akifika 30 bila "sss" kuyumba mwishoni, ameanza kuelewa. Muhimu ni ule ulingano. Urefu peke yake si kitu. Anayetoa hewa nyingi mwanzoni na kukwama mwishoni ndiye huyohuyo anayekata pumzi katikati ya neno.

Baada ya pumzi ni kuamsha sauti. Mwalimu mzuri haanzi na wimbo. Anaanza na kutetemesha midomo, brrr, kama mtoto anayeendesha gari la kuchezea, akipanda do-re-mi-fa-sol na kushuka, kisha anahama nusu toni juu. Au anampa mwanafunzi mrija wa soda, ncha yake ikizama sentimita mbili au tatu kwenye chupa ya maji iliyofika nusu, naye anaimba "uuu" kupitia mrija huo. Hewa inayorudishwa nyuma na maji husaidia nyuzi zikutane kwa wepesi bila kugongana vikali. Mapovu yakitoka kwa mpigo mmoja, pumzi iko sawa. Yakikatika, mwalimu ameshajua tatizo liko wapi kabla hata ya kusikia neno lolote. Dakika tano au kumi za zoezi hilo kabla ya mazoezi ya kwaya, na tena mwishoni, zingeokoa sauti nyingi sana.

Kisha kuna mshono. Kila sauti ya kike ina mahali inapogeuka kutoka sauti ya kifua, ile nzito ya chini, kwenda mchanganyiko, na tena kutoka mchanganyiko kwenda sauti ya kichwa, ile nyepesi ya juu. Kwa soprano, mshono wa kwanza uko karibu na mi na fa zilizo juu kidogo ya do ya katikati ya kinanda, na wa pili uko okteva moja juu ya hapo. Binti asiyefundishwa hubeba sauti ya kifua na kuipandisha kupita mshono wa kwanza kwa sababu inasikika kubwa na watu wanashangilia. Anafika la, anafika si, halafu ghafla sauti inakatika au inageuka kama filimbi. Huyo hajakosa kipaji. Amebeba mzigo wa chini kwenda nao juu. Dawa yake ni kushuka: aanze juu, kwa sauti ndogo, kwenye sol-fa-mi-re-do, na aulete chini ule wepesi wa juu, siku baada ya siku. Ni kazi ya miezi, na miezi ya mwanzo sauti yake itaonekana imepungua. Hapo ndipo walimu wengi wa kwaya hukata tamaa na kumwambia arudi kupaza.

Na hapa nataka kusema jambo ambalo walimu wengi wa kiume hawajawahi kuambiwa. Mwanamume anapowaimbia wasichana nota ili wamwige, yeye anaimba okteva moja chini yao, kwa sauti ya kifua, na wao huiga rangi ya sauti yake pamoja na nota. Ndiyo sababu soprano katika kwaya nyingi huimba kwa kukaza. Tumia kinanda, au simu yenye programu ya kinanda, au mweke binti mmoja anayeimba kwa wepesi awe mfano. Pia usianzishe wimbo kwa kubahatisha kutoka kooni mwako. Nusu toni mbili juu ya ilivyoandikwa hazimsumbui mwalimu aliye kwenye besi, lakini humsukuma soprano kuvuka mshono wa pili katika kila ubeti.

Kupanga sauti nako kunafanywa kiholela. Anayesoma nota anapelekwa alto, sauti ya chini ya kike, kwa kuwa alto ni ngumu kushika, na asiyesoma anapelekwa soprano kwa kuwa ndiyo inayobeba wimbo. Hiyo si sababu. Wala nota ya juu kabisa anayoweza kuifikia mtu haimfanyi kuwa soprano. Alto wengi wanaweza kupiga kelele hadi juu kwa mara moja. Sikiliza sauti inapopumzika, pale anapoweza kuimba kwa dakika kumi bila kuchoka, na sikiliza mishono yake iko wapi. Na kwa msichana wa miaka 15 au 16, usitoe hukumu ya mwisho. Sauti bado inajengeka.

Hilo linanirudisha kwa Butterfly. Katika hadithi, Cio-Cio-San ni msichana wa Nagasaki wa miaka 15, lakini hakuna wa umri huo anayeweza kumwimba. Anaimba karibu opera nzima, bila kipaza sauti, juu ya okestra nzito, na nota zake nyingi ziko katikati ya sauti, mahali ambapo soprano hushawishika kusukuma ili asikike. Pale anapoingia kwa mara ya kwanza, Puccini ameandika nota ya juu sana, re iliyoshushwa nusu toni, na ameweka njia nyingine ya chini kwa asiyeitaka ile. Mwalimu mwenye busara humwelekeza mwanafunzi kwenye njia ya chini, kwa sababu mbele yake bado kuna zaidi ya saa moja na nusu ya kuimba.

Nafasi kama hiyo hujifunzwa kwa hatua. Kwanza maneno, kwa kuyaelewa neno kwa neno, maana opera hiyo ni ya Kiitaliano. Pili kuyasema kwa mwendo wa muziki bila kuimba. Tatu nota kwa vokali moja, kwa sauti ndogo. Nne maneno na nota pamoja, kipande kwa kipande, mpaka kila mahali pa kuvuta pumzi pamewekwa alama ya penseli. Halafu ndipo unafika wakati wa mpiga piano, kisha kiongozi wa okestra, kisha jukwaa. Katika mazoezi ya jukwaani waimbaji wazoefu hawaimbi kwa sauti kamili kila mara. Hushusha okteva au huimba nota za juu kwa sauti ndogo, wakiitunza sauti kwa ajili ya usiku wenyewe. Kwetu, kwaya hufanya mazoezi ya saa tatu Ijumaa na tena Jumamosi usiku, kwa sauti kamili, halafu tunashangaa Jumapili asubuhi soprano hawapo.

Nisisahau tangawizi. Tangawizi, asali, limau na mayai mabichi vyote hupita kwenye umio kwenda tumboni. Haviguswi na nyuzi za sauti hata kidogo, na vikigusa, mtu atapaliwa na kukohoa. Kinachozifikia moja kwa moja ni hewa, na ndiyo maana kujifukiza kwa mvuke wa maji matupu kunasaidia, ilhali moshi na vumbi vinadhuru. Maji ya kunywa yanasaidia pia, lakini kupitia damu, kwa hiyo yanywe tangu asubuhi, usisubiri dakika tano kabla ya kupanda jukwaani. Tangawizi ina ubaya mmoja zaidi: ule mwasho humfanya mwimbaji ahisi koo limefunguka, akaimba kwa nguvu juu ya sauti iliyochoka.

Sauti ikikwaruza, dalili ya kuangalia ni hii: je, anaweza kuimba juu kwa sauti ndogo sana? Kama nota za juu zinatoka tu akipaza, na akiimba taratibu hutoka hewa tupu au sauti huchelewa kuanza, nyuzi zimevimba. Apumzike, na kunong'ona si kupumzika. Ukwaruzaji ukizidi wiki tatu, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo akaangaliwe kama ana vinundu, yaani vijivimbe vidogo kwenye nyuzi za sauti. Vinundu vikigunduliwa mapema, mara nyingi huondoka kwa mapumziko na mazoezi sahihi, bila kisu.

Mwisho, neno kwa watunzi wetu. Vokali i na u zinahitaji mlio wa kinywa wa mitetemo kama 300 hadi 400 kwa sekunde ili zitambulike. E na o ni 500 hadi 600. A ni 800 hadi 900. Soprano akipita do ya juu, ile iliyo okteva moja juu ya do ya katikati, ambayo ni 523, nota yenyewe imeshaipita i na u. Hawezi kuzitamka safi hata akipigiwa kelele "tamkeni maneno!" Akilazimisha, anabana taya na sauti inakuwa kali na nyembamba. Anachopaswa kufanya ni kufungua taya na kuielekeza u kwenye o, na i kwenye e. Mtunzi anayeweka neno "utukufu" kileleni mwa wimbo amempa soprano u nne mfululizo mahali pabaya kuliko pote. "Hosana" ni rehema, kwa sababu mkazo wake uko kwenye sa. Na "Mtakatifu" inataka uangalifu mara mbili: ile M ni silabi kamili lakini huimbwa kinywa kikiwa kimefungwa, sauti ikitoka puani tu, kwa hiyo iwekwe chini na iwe fupi, na mkazo wa neno uko kwenye ti, kwa hiyo nota ndefu ya hapo isivuke do ya juu. Kilele kikitakiwa, kiwekwe kwenye ta au ka.

Mwalimu wa uimbaji,
Morogoro